Santuri Niliyoianika Juani

Ijumaa iliyopita mjukuu wangu Divine alirudi kazini macho yamevimba. Ilikuwa wiki yake ya kwanza ya kutunza wazee. Nikamuuliza nani amekufa.

"Koko, nime-break kikombe ya Mister Harold. Alipewa na mke wake, na mke wake alisha kufa. Sirudi kule."

"Umemwambia?"

"No! Vipande viko ndani ya sac yangu ya begani."

Mimi nikacheka. Nilijua si vizuri kumcheka mtoto anayelia, lakini kicheko kilinishinda. Akakasirika, akatupa viatu, kimoja huku kimoja kule. Nikamwambia, "Kikombe, Divine? Mimi niliharibu sauti ya mtu, na mwenyewe akaja kunishukuru. Kaa hapa."

Bon. Nilipomaliza kumsimulia niliona kwamba ninyi vijana wengine wa kwetu pia mnaanza kazi hii: Josué, Neema, wale mapacha wa Mama Apendeki. Nikachukua daftari. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, kisha ng'ombe wa baba wakanihitaji kuliko mwalimu. Lakini majina sisahau. Divine ndiye atachapa haya, na nimemkataza kunisahihisha.

Aliyenifundisha kazi hapa Amerika, Louisville ya Kentucky, ni Mama Rehema, Mrundi mmoja mfupi mwenye sauti kama kengele ya shule. Kabla yake nilikuwa depo, nafunga maboksi, na magoti yalikuwa yananiimbia. Rehema akaniambia, "Mama Eliya, wewe umeosha watoto saba na mama mkwe. Kazi unaijua. Kilichobaki ni kujifunza kungoja."

Sikuelewa. Siku ya kwanza akanipeleka mtaa wa Beechmont kwa mzee Frank, aliyekuwa dereva wa lori, ambaye vidole vyake vilitetemeka. Mzee akaanza kufunga shati. Kifungo cha kwanza kikamshinda mara mbili, nikakimbia kumfungia, tac, tac, tac, vyote sita. Nikasimama nikingoja sifa. Rehema akanivuta jikoni.

"Umemwibia."

"Mimi? Nimemwibia nini?"

"Kifungo. Leo angekifunga mwenyewe. Ukiona mzee anajaribu, mikono yako nyuma, hivi, kama askari. Ungoje."

Siku iliyofuata nikaweka mikono nyuma. Mzee Frank alifunga kifungo kimoja kwa muda ambao kwetu kanisani sadaka ingekuwa imezunguka mabenchi yote. Alipomaliza alinitazama kama mtu aliyejenga nyumba.

Mengine Rehema alinifundisha kwa mkono, si kwa mdomo. Mkono mgonjwa unatangulia kuvaa na unakuwa wa mwisho kuvua. Maji uyajaribu kwa kiwiko chako, vidole vyetu sisi wapishi vimeshazoea moto. Taulo moja ni ya kukausha, ya pili ni ya kumfunika mzee kifua asijione uchi. Na usimguse mtu kabla hujamwambia kwamba utamgusa wapi. Haya andikeni.

Sasa nije kwa Lidia.

Mwaka 2015 walinipa mama mmoja Mrusi, Lidia, ghorofa ya pili, hapo hapo Beechmont. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mkono wa kuume na kimemchukulia maneno. Alisikia yote na kuelewa yote, lakini kusema, hapana. Alifungua mdomo, neno likafika kwenye meno, likarudi. Mtoto wake Misha aliishi Buffalo, alikuja mara moja kwa mwezi.

Ukutani kulikuwa na rafu, na juu ya rafu santuri nne. Ninyi mnaosikiliza muziki kwenye simu, santuri ni ile sahani nyeusi yenye mistari, inazunguka, sindano inatembea juu yake. Kwenye jalada la kila moja walikuwa wanawake wawili. Nikafikiri ni wake wenza. Nikajiambia, tazama Warusi, wake wenza wanapigwa picha wakicheka! Misha alipokuja akacheka mpaka akakaa chini. Yule wa kushoto ni Lidia, wa kulia ni Zoya. Walikuwa waimbaji. Watu waliwaita Lida na Zoya, hawakusema mmoja bila mwingine, kama vile sisi tunavyosema chumvi na pilipili.

Hadithi yao nilipata vipande vipande, nusu kwa Misha, nusu kwa kidole cha Lidia kwenye yale majalada. Albamu ya kwanza: wasichana wawili wa kiwanda cha kushona makoti, viatu vyeupe vya kuazima, kipaza sauti kimoja. Kiwanda chenyewe ndicho kiliwatengenezea, nakala chache tu, za kugawia wafanyakazi. Albamu ya pili wamevaa manyoya. Hiyo ndiyo ilipigwa nchi nzima, kwenye treni, kwenye maduka, mpaka wakawa hawawezi kununua mkate bila kuzungukwa. Ya tatu wamepanda gari lisilo lao. Ya nne ni nyuso tu, na hawatazamani. Nchi yao ilikuwa imebadilika, vijana walitaka kelele nyingine, hakuna aliyeinunua. Zoya akaja Amerika, Lidia akafuata, wakawa wanaimba kwenye harusi za Warusi wenzao. Kisha wakagombana. Miaka tisa walikuwa hawajasalimiana, na Lidia alikataza jina la Zoya lisitajwe nyumbani.

Tatu za mwisho Lidia hakuzitaka. Alifanya hivi kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Lakini ile ya kwanza, kila siku saa kumi ya chai, lazima.

Na hapo kulikuwa na jambo. Dada Kelly, yule aliyekuja kumfundisha kusema, alinieleza kwamba wimbo unalala mahali pengine kichwani, kiharusi hakikufika huko. "Mwache aimbe," akasema. "Maneno yatatoka nyuma ya wimbo." Na ni kweli. Sindano ikishuka, Lidia aliimba kwa sauti ya chini, nene, na baada ya wimbo neno moja lilibaki limeshikwa mdomoni kama punje ya mahindi. Dirisha. Baridi. Mkate. Neno la kwanza kabisa lilikuwa "chai". Kwao wanasema chai na sisi tunasema chai! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Kila neno jipya nilikuwa naweka mstari kwenye karatasi niliyobandika mlangoni mwa frigo. Kufika mwezi wa saba mistari ilikuwa thelathini na minane.

Donc, mwezi huo wa saba, Misha akasema atakuja Jumamosi. Mimi Alhamisi nikaanza usafi. Nyie mliozaliwa kambi ya wakimbizi au hapa hamjui: kwetu kwenye milima ya juu, mgeni akiingia haangalii kitanda, anaangalia vyombo vya maziwa. Vibuyu vinaoshwa, vinaanikwa juani midomo wazi, ndipo vinafukizwa moshi. Mama yangu, Nyiramana, alikuwa anasema chombo ambacho hakikuona jua hakijaoshwa bado. Mwanamke mwenye vibuyu vinavyonuka, hata wajukuu wake watasimangwa.

Nikatazama zile santuri. Vumbi, na ukungu mweupe pembeni. Lidia alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nikazitoa majaladani, nikaziosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, polepole, kama mtoto mchanga. Kisha nikazipeleka balkoni. Tatu nilizisimamisha ukutani kwenye kivuli maana nafasi ilikuwa ndogo. Ile ya kwanza, kwa kuwa aliipenda kuliko zote, nikaipa kiti, katikati ya jua. Upendo wangu ndio ulioiua.

Jua la Kentucky mwezi wa saba mnalijua. Nikapika supu, nikakunja nguo. Nilipotoka, santuri ilikuwa imelegea juu ya kile kiti kama chapati ambayo haijaiva, pembeni zimeinuka, katikati imezama. Nikaichukua upesi kuinyoosha, nikaizidisha. Ikapoa na kukauka ikiwa bakuli.

Saa kumi ikafika. Ningesema nini? Nikaiweka mbele yake kwa mikono miwili. Lidia akaitazama, akaonyesha gramafoni. Nikaiweka. Sindano ikapanda, ikashuka, ikateleza kama ng'ombe anayevuka mto wenye mawe, sauti mbili zikatoka zimelewa, halafu ikaruka nje kabisa.

Lidia akafungua mdomo. Nikajua sasa nitatukanwa kwa Kirusi.

Akasema, "Zoya."

Basi. Akageuza kichwa ukutani, na tangu pale hakusema tena. Hata chai. Kesho yake nilimletea kikombe nikangoja na mikono nyuma, nikangoja mpaka chai ikapoa, akafumba macho. Ile mistari thelathini na minane kwenye frigo ilikuwa inanitazama.

Kwetu ukivunja chombo cha mtu, hungoji aje akuulize. Unaondoka wewe, na mtu mzima mmoja wa kusimama kando yako, unabeba maziwa na vile vipande, unasema: ni mimi. Nikampigia simu Brenda, msimamizi wetu. Akasema ataandika ripoti, na tafadhali nisiguse kitu kingine. Nikampigia Misha kule Buffalo. Nikamwambia: ni mimi.

"Hiyo haipo tena," akasema. "Hata kwenye kompyuta haipo. Nimetafuta miaka mingi."

"Hakuna mtu hata mmoja aliye nayo?"

"Mmoja. Zoya, yuko mji wa Columbus. Nikimpigia anakata simu. Na mama hataki hata jina lake."

"Jina lake mama yako alilisema jana."

"Alilisema?"

"Ndiyo neno la mwisho alilosema."

Akanipa anwani.

Jumatatu yangu ya kupumzika nikapanda basi la alfajiri la Columbus na Mama Rehema, ndiye mtu mzima wangu. Kwenye mapaja nilikuwa na santuri ndani ya kitenge na chupa kubwa ya maziwa ya mgando niliyogandisha mwenyewe siku tatu. Kila barabara ikitikisa, Rehema aliitazama ile chupa.

"Mama Eliya, ikimwagika humu, mimi sikujui."

"Shika kifuniko."

"Nimekuja kushuhudia. Kushika kifuniko hatukusema."

Lakini alikishika, mpaka Columbus.

Zoya alifungua mlango akiwa amepaka rangi nyekundu midomoni, asubuhi ile, kama mtu anayengoja wapiga picha. Mnene kidogo, mgongo wima. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko chetu sote.

"Kama ni mambo ya dini, mimi ninayo."

"Si dini, mama," nikasema. "Mimi ndiye ninayemuosha Lidia."

Alitaka kufunga. Nikafungua kitenge. Akaitazama ile bakuli nyeusi, karatasi ya katikati imechanika, jina lake limebaki nusu.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi. Niliiosha, nikaianika juani."

"Uliianika... kama soksi?"

"Kama kibuyu."

Akaanza kucheka. Alicheka akashika mlango, akaufungua wote, akakaa kwenye kiti cha pale mlangoni. "Miaka tisa," akasema, "kila siku nilitaka kuivunja, na mkono haukukubali. Na wewe umeiosha na sabuni! Ingieni."

Nikampa maziwa kwa mikono miwili. Akanusa, akamimina glasi, akanywa yote bila kupumua. "Kefir," akasema, "kwetu inaitwa kefir. Mama yangu aliitengeneza hivi, na vidonge hivi hivi." Rangi yake nyekundu ilibaki kwenye glasi, na sauti yake ikashuka. Akatueleza ugomvi wenyewe. Lidia alikuwa mgonjwa wa mafua, harusi ilikuwa hapo hapo Columbus, Zoya akaimba peke yake, sauti zote mbili, yake na ya mwenzake. Watu wakapiga makofi. Mtu akapeleka kanda kwa Lidia. Lidia akapiga simu, akasema, "Kumbe unaweza bila mimi," akakata.

"Nami nilikuwa na kiburi, nikasema apige tena yeye," Zoya akasema. "Sasa anasema?"

"Alikuwa na maneno thelathini na manane. Wimbo wenu ndio ulimrudishia. Tangu nilipouharibu, hana hata moja. La mwisho lilikuwa jina lako."

Akainuka akaenda chumbani, akarudi na santuri ile ile, viatu vyeupe vile vile, safi. Nikanyoosha mikono. Akaikumbatia kifuani.

"Hii haitoki na wewe."

Nikafungua mdomo. Rehema akanikanyaga mguu ninyamaze.

"Mikono iliyoanika santuri juani? Hapana. Ikienda, nitaipeleka mwenyewe. Na sikusema nitaenda."

Tulirudi na chupa tupu, na ile bakuli ndani ya kitenge.

Misha alikuwa amekuja Jumamosi kama alivyosema; wiki ile ile akarudi akamchukua mama yake kuishi naye Buffalo, maana alikuwa amekataa hata kula. Akamwomba Brenda anitume mimi wiki mbili, nimfundishe mke wake Olya kumgeuza na kumuosha. Brenda akamuuliza kama ana hakika kwamba anataka jina langu. Mimi pia nilimuuliza. Misha akasema, "Watu wengine walivunja vitu vya mama wakanyamaza. Wewe ulinipigia kabla sijajua." Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Mungu ambariki Misha.

Nyumba yao ilikuwa North Buffalo, mtaa uliotulia, wenye miti ya kivuli. Olya alikuwa na mikono myepesi, alijifunza upesi. Lakini Lidia alikuwa kama gunia. Kijiko kikija anafungua, kikitoka anafunga. Misha alikuwa amemwandikia Zoya anwani mpya, jibu halikuja. Siku tisa zikapita. Kila siku saa kumi nilimwekea chai na kusimama.

Siku ya kumi, mchana, teksi ikasimama mbele. Akashuka Zoya, midomo myekundu, foronya ya mto kifuani, ndani yake santuri. Safari yote ya basi hakuiweka chini.

Aliingia chumbani. Lidia akamwona. Akageuza uso ukutani.

Hakuna aliyesalimia. Zoya akaenda kwenye gramafoni, ile Misha aliyoileta kutoka Louisville, akashusha sindano, akaketi kwenye kiti changu. Wimbo wa kwanza ukaanza, ule wa wasichana wawili wa kiwandani: Zoya anatangulia mstari mmoja juu, Lidia anajibu chini, kama sisi kwenye kwaya, mmoja anaita na wengine wanapokea. Nilimtazama Lidia mdomo. Haukutikisika. Wimbo ukaisha. Zoya akarudisha sindano mwanzo. Ukaisha tena. Misha alikuwa mlangoni anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Mara ya tatu, Zoya wa kwenye santuri akaita mstari wake, na kabla Lidia wa kwenye santuri hajajibu, Zoya akainua sindano.

Olya akataka kusema kitu, nikamshika. Mimi mwenyewe ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikaweka mikono nyuma. Nikamwona Zoya, mwanamke ambaye Rehema hakumfundisha kazi, na yeye ameweka yake nyuma ya kiti, anangoja, vidole vimeshikana mpaka vimekuwa vyeupe.

Tukangoja. Gari likapita nje. Tukangoja.

Kutoka ukutani, sauti ya chini, nene, yenye kutu, ikapokea ule mstari. Wote, mpaka mwisho. Zoya akaita unaofuata kwa mdomo wake, bila santuri, na sauti ikamkatika katikati. Lidia akaugeuza uso, akamtazama. Maneno yakafika kwenye meno, nikaona yanafika, nikafikiri yatarudi. Hayakurudi. Akayasema kwa Kirusi, moja, moja. Zoya akapasuka kucheka na kulia pamoja. Nikamuuliza Misha amesema nini.

"Amesema: Umechelewa kuingia."

Mimi nilidhani ni miaka tisa anayosema. Misha akasema hapana, ni ule mstari, mama yake alikuwa mkali sana kwa mambo ya muziki. Sijui. Sikuuliza tena.

Tangu hapo, kila siku saa kumi ya chai, simu ya Columbus ililia Buffalo na wakaimbiana, mmoja anaita, mwingine anapokea, mpaka Mungu alipomchukua Lidia kwa amani. Maneno yalivuka mia, Olya aliniambia, kisha akaacha kuweka mistari. Na mimi niliporudi Louisville kutoka Buffalo, Brenda, yule wa ripoti, akanirudisha kazini Jumatatu iliyofuata, akanikumbatia kwanza. Nawashukuru wote kwa majina kila asubuhi, ndiyo maana siyasahau.

Siku ninaondoka Buffalo, Lidia alinipa ile santuri niliyoiharibu. Iko hapa juu ya meza. Divine anatupia humo funguo za gari kila akiingia, hakuwahi kuuliza ni kitu gani. Ijumaa aliuliza. Akazitoa funguo, akapitisha kidole kwenye mistari yake, halafu akaenda kuvitoa vile vipande vya kikombe kwenye sac, akavipanga kwenye taulo.

"Na kama atanifukuza, Koko?"

"Atakufukuza ukiwa umesimama."

Jumatatu inafika. Maziwa nimeyagandisha, yako kwenye frigo, chini kushoto. Mzee Harold hakuyazoea, mwekee asali kidogo. Mama Rehema amestaafu kama mimi, lakini amesema atakusindikiza mpaka mlangoni, na kifuniko atakishika. Nenda, Divine. Mweleze, halafu usiongeze neno. Mikono nyuma.